Fimbo nyepesi ya kuvulia kwenye vijito vya Kilimanjaro na Meru: ipi inunuliwe kwanza

Mtu anayetaka kuvua kwa mshipi katika vijito vinavyoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru hahitaji fimbo ndefu wala yenye nguvu nyingi. Anahitaji fimbo itakayorusha uzito wa gramu mbili kwa umbali wa mita sita au saba, chini ya majani ya migomba, wakati yeye mwenyewe amesimama ndani ya maji yanayomfika magotini na mkono wake mmoja umeshikilia jiwe. Ukiiweka picha hiyo akilini, fimbo nyingi utaziacha dukani bila hata kuzigusa, kwa sababu zimetengenezwa kwa ajili ya ziwa, bwawa au ufuko wa bahari, mahali ambapo mvuvi ana nafasi ya kuzungusha mkono mzima na kuutupa mshipi mita arobaini.

Nimevua katika mito hii kwa miaka kumi na moja, zaidi upande wa Moshi: Rau, Karanga, Weruweru, na vijito vya Kibosho ambavyo kwa wembamba wake mgeni anaweza kudhani ni mfongo, yaani mfereji, wa kumwagilia kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga. Upande wa Arusha nimesimama kwenye Usa na Maji ya Chai, na kwenye Themi kabla mto huo haujaingia mjini. Katika muda huo nimenunua fimbo sita na kuvunja mbili, na mpangilio ninaoutoa hapa umetokana na fimbo hizo pamoja na zile nilizoazimwa na wenzangu. Haumfai mtu anayekwenda Nyumba ya Mungu au Ziwa Jipe. Huko maji ni mapana, samaki ni wakubwa zaidi, na wenyeji wana mitumbwi na nyavu.

Tuanze na samaki wenyewe, kwa maana wao ndio wanaoamua ukubwa wa kifaa. Katika vijito vya chini na vya kati utakutana na perege, ambaye mara nyingi hazidi kiganja cha mkono. Na samaki wenye sharubu fupi wa jamii ya kuyu, wanaopenda maji yanayokimbia. Na kambale, hasa kwenye vidimbwi vyenye tope na kivuli. Juu zaidi, kwenye maji ya baridi, walipandikizwa trauti enzi za ukoloni kwa ajili ya uvuvi wa burudani, lakini sehemu kubwa ya maji hayo imo ndani ya msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na hakuna anayeruhusiwa kuvua humo bila kibali cha hifadhi. Nje ya hifadhi pia uvuvi una utaratibu wake chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, kwa hiyo ni vyema kumwona afisa uvuvi wa halmashauri kabla ya kutoa fedha za fimbo, na kumwomba ruhusa mwenye kihamba ambacho utapita kufika mtoni. Mimi sijawahi kunyimwa nilipobisha hodi, na nimeshawahi kufukuzwa nilipopita kimya.

Kusoma maandishi ya kwenye fimbo

Juu kidogo ya mpini wa kila fimbo ya dukani kuna maandishi madogo, na wauzaji wengi hawayasomi. Herufi UL zinaonyesha kwamba fimbo iko katika daraja la nyepesi kabisa, na herufi L pekee huonyesha daraja linalofuata, ambalo kwa vijito vyetu tayari ni gumu kidogo. Kisha huja uzito wa chambo ambao fimbo inaweza kuurusha. Kwenye fimbo za Kijapani na za Kichina uzito huo huandikwa kwa gramu, na unaoutafuta ni gramu 1 hadi 5, au 1 hadi 7. Kwenye fimbo za Kimarekani utaandikwa kwa aunsi, na hapo inafaa kukumbuka kwamba 1/32 ya aunsi ni takribani gramu 0.9, 1/16 ni gramu 1.8, 1/8 ni gramu 3.5 na 1/4 ni gramu 7. Nguvu ya mshipi huandikwa kwa ratili: ratili 2 hadi 6, yaani kilo 0.9 hadi 2.7, ndiyo inayofaa. Urefu wa futi tano na inchi sita ni sentimita 168. Wa futi sita ni sentimita 183.

Kuna jambo moja ambalo maandishi huchanganya watu. Nguvu ya fimbo na namna inavyopinda ni mambo mawili tofauti. Nguvu ni kiasi cha uzito kinachotakiwa ili fimbo ikubali kupinda. Namna ya kupinda ni mahali mpindo unapoanzia. Kuna fimbo za UL zinazopinda karibu na ncha tu, sehemu nyingine yote ikabaki imenyooka kama mshale, na kuna nyingine zinazopinda polepole mpaka katikati au karibu na mpini. Wale wanaovua ziwani kwa chambo bandia huisifu ile ya kwanza kwa sababu inahisi samaki haraka. Kwenye kijito mimi naisifu ya pili bila kusita. Kurusha gramu mbili kwa umbali mfupi kunategemea fimbo ijikunje yenyewe kwa uzito huo mdogo na kisha ijinyooshe. Ile isiyojikunja hukulazimisha kuutupa mshipi kwa nguvu za mkono, na mkono ukitumia nguvu chini ya migomba, ndoana huishia kwenye jani.

Maandishi hayo hayatoshi kuaminiwa peke yake, kwa sababu kuna fimbo nyingi zilizoandikwa UL ambazo ni ngumu kama ufagio. Kabla ya kwenda dukani, pita kwenye duka la vifaa vya ujenzi au kwa fundi pikipiki ununue nati ndogo inayofunguliwa kwa spana namba 10. Nati hiyo ina uzito wa gramu mbili na nusu hivi, ambao ni uzito wa chambo chako hasa. Uifunge kwenye uzi, upitishe uzi kwenye pete zote za fimbo, uache nati ining'inie kiasi cha shubiri moja kutoka nchani, kisha uitikise fimbo taratibu kwa kifundo cha mkono. Ikiwa ncha inaitikia na unaona mpindo ukishuka angalau theluthi moja ya fimbo, hiyo ni UL ya kweli. Ikiwa ni nati pekee inayocheza huku fimbo imetulia, irudishe kwenye kabati hata kama muuzaji anakupunguzia bei. Wauzaji wa Moshi wamenizoea na nati yangu; mmoja siku hizi huniambia, "Mangi, leta kipimo chako," kabla hata sijasalimia.

Nafasi ya kwanza: fimbo ya mchanganyiko wa faibaglasi na kaboni, sentimita 160 hadi 170

Hii ndiyo ninayomshauri karibu kila anayeniuliza, na ndiyo ninayoitumia mwenyewe. Kaboni peke yake ni nyepesi na ina hisia kali, lakini haivumilii pigo. Faibaglasi peke yake huvumilia karibu kila kitu lakini ni nzito na inachelewa kujinyoosha. Zikichanganywa, unapata fimbo inayopinda polepole, isiyovunjika kwa kugongwa jiwe, na ambayo bado inakueleza samaki anapodonoa. Fimbo za Ugly Stik, zilizoanza kuuzwa mwaka 1976, zimejulikana kwa mchanganyiko huo, na utazitambua kwa ncha yake ya faibaglasi iliyojaa, yenye rangi ya uwazi kama plastiki ya kalamu. Si lazima upate hizo. Viwanda vingi vya Asia sasa hutengeneza fimbo za mtindo huo, na baadhi ni nzuri kabisa. Lililo la lazima ni nyenzo na mpindo.

Urefu wa sentimita 160 hadi 170 nimeufikia kwa kujaribu. Fimbo ya sentimita 140 hupita vizuri chini ya matawi, ila inakosa urefu wa kuinua mshipi juu ya mawe, na katika vijito vyetu mkondo ukiubeba mshipi kati ya mawe mawili, chambo hukokotwa kabla samaki hajakiona. Fimbo ya sentimita 180 huinua mshipi vizuri sana lakini hugusa masale na migomba kila unapogeuka. Kati ya hizo mbili kuna urefu unaokuwezesha kufanya yote, na mahali hasa pabaya, kama pale Karanga unapopita chini ya kuta za udongo zilizofunikwa na magugu, hukuwezesha kurusha kwa mtindo wa upinde: unashika chambo kwa vidole viwili, ukishika mgongo wa ndoana wala si ncha yake, unavuta nyuma mpaka fimbo ijikunje, unalenga chini ya tawi, kisha unaachia. Chambo huruka kwa unyoofu, sentimita thelathini juu ya maji, na kuingia mahali ambapo mtupo wa kawaida usingefika. Fimbo inayopinda ncha tu haina nguvu ya kufanya hivyo; hii ya mchanganyiko inafanya, na ni kwa sababu ya mtupo huu mmoja kwamba nimeiweka mbele ya nyingine zote.

Kuhusu mapande, nyingi huja kwa vipande viwili, ambapo kila kipande hukaribia sentimita 85. Urefu huo unakaa sawa ndani ya basi, lakini kwenye kifodi, yaani daladala ndogo, kilichojaa au juu ya bodaboda ya kwenda Machame ni tabu. Ukipata ya vipande vinne yenye sifa zilezile, ichukue, maana kila kipande kitakuwa na sentimita 45 hivi na fimbo nzima itaingia kwenye begi la shule. Wapo wanaosema viungo vingi huharibu mpindo. Ilikuwa kweli kwa fimbo za zamani zenye viungo vya chuma. Kwa viungo vya siku hizi, ambavyo kipande kimoja huingia ndani ya kingine bila chuma chochote, sijaona tofauti inayoweza kunigharimu samaki.

Nafasi ya pili: fimbo ya kaboni tupu, vipande viwili

Kama umeshavua msimu mmoja au miwili na mkono wako umetulia, fimbo ya kaboni yenye uzito wa gramu 70 hadi 90 ni starehe ambayo si rahisi kuieleza. Unahisi chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, ikigusa kokoto na ikitoka kwenye kokoto kuingia mchangani. Kuyu mdogo anapokigusa chambo na kukiacha, unajua. Kampuni ya Fenwick ya Marekani ndiyo iliyoziingiza sokoni kwa nguvu fimbo za nyuzi za kaboni mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo Shimano na Daiwa za Japani zina aina nyingi za UL zenye mpindo wa wastani, ambao ndio unaopaswa kuutafuta.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya uvunjikaji. Kaboni haivunjiki kwa uzito wa samaki. Huvunjika mahali ilipokwaruzwa wiki tatu zilizopita. Mkwaruzo mdogo wa jiwe hukata nyuzi chache za juu, usiione, na siku unapoivuta kwa nguvu hukatika papo hapo kwa mlio kama wa kijiti kikavu. Mtu anayetembea ndani ya maji ataanguka, hilo si jambo la kujiuliza kama litatokea, na akianguka fimbo ndiyo hufika kwenye mawe kwanza. Ya kwangu ya pili ilikufa hivyo pale Weruweru, kwenye daraja la miti. Pia huvunjika pale mvuvi anapoiinua fimbo mpaka ikasimama wima au ikarudi nyuma ya bega lake ili amlete samaki karibu na mkono: mpindo wote hukimbilia sentimita ishirini za nchani, ambazo hazikujengwa kubeba mzigo huo. Kwenye maji ya magotini kishawishi hicho huja kila mara, kwa sababu samaki yuko miguuni pako. Rudisha mkono nyuma kwa upande, fimbo ikiwa imelala, kisha uinyanyue nyavu ndogo au uinamie samaki.

Kuna hatari nyingine ya kaboni ambayo sijasikia muuzaji akiitaja. Kaboni hupitisha umeme. Nyaya za umeme zimepita juu ya vihamba na juu ya mito mingi ya Moshi Vijijini na Arumeru, nyingine zimelegea na kushuka, kwa hiyo fimbo hiyo ibebwe imelala unapopita chini yake, na radi zinapoanza kunguruma upande wa mlima iwekwe chini na wewe utoke majini.

Nafasi ya tatu: fimbo isiyo na rili, ya Kijapani au ya mwanzi

Wajapani wana namna yao ya kuvulia vijito vya milimani inayoitwa tenkara. Fimbo ni ndefu, mita 2.7 hadi 4.5, nyepesi mno, na mshipi umefungwa moja kwa moja kwenye ncha. Hakuna rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi, wala pete. Mshipi unakaribia urefu wa fimbo yenyewe, na chambo huwekwa mahali pake kwa mkono mmoja, bila kelele na bila mshipi kulala juu ya maji. Katika sehemu zilizo wazi, kama vijito vya Usa vinavyopita malishoni, ni kifaa kizuri ajabu, na mtu huweza kukaa saa nzima kwenye kidimbwi kimoja akimpelekea perege tonge la ugali uliokandwa bila kumshtua.

Mzee mmoja wa Kibosho, ambaye namwita baba kwa heshima ingawa hatuna undugu, hutengeneza fimbo ya namna hiyohiyo kwa mwanzi wa kupandwa. Mlima Kilimanjaro, tofauti na Meru, hauna ukanda wa mianzi ya porini, kwa hiyo mianzi yake imepandwa kando ya mfereji. Hukata mwanzi uliokomaa, wenye unene wa kidole gumba kwenye kitako, akaukwangua vifundo kwa kisu, akaufunga kamba kwenye ncha nyembamba na kuuning'iniza darini juu ya meko, na chini, kwenye kitako, akafunga jiwe. Jiwe huunyoosha, moshi huukausha na kufukuza wadudu. Baada ya miezi mitatu mwanzi una rangi ya asali na hupinda mpaka katikati kwa uzuri ambao fimbo nyingi za dukani hazina. Nilinunua mmoja kwake kwa shilingi elfu kumi, naye akaona nimempa nyingi. Ukiwa na mwana au mjukuu unayetaka kumfundisha, anza na hii kabla ya yoyote niliyoitaja hapo juu.

Ila katika vijito vyenye paa la matawi, fimbo ya mita tatu haina pa kusimama, na vijito vyetu vingi ni vya namna hiyo. Isitoshe, ukimnasa kambale mkubwa huna mshipi wa ziada wa kumwachia akimbie; ama umfuate mtoni mbio, ama mshipi ukatike. Ndiyo maana imebaki nafasi ya tatu.

Nafasi ya nne: fimbo ya kurushia inzi bandia

Nitaigusa kwa ufupi. Ni fimbo ya kupendeza kwa trauti, na namba 2 au 3, yaani kipimo cha uzito wa mshipi wake, ndiyo inayofaa vijito, lakini inahitaji nafasi ya nyuma ya mvuvi sawa na ile ya mbele, inahitaji mshipi wake maalumu ambao bei yake inaweza kulingana na ya fimbo, na inahitaji miezi ya mazoezi. Perege huweza kunaswa kwa inzi bandia, ila hatapendelea inzi kuliko nyungunyungu. Kwa mtu wa kununua fimbo moja tu, hapana.

Nafasi ya mwisho: fimbo ya antena

Fimbo inayofunguliwa kwa kuvutwa kama antena ya redio ndiyo utakayoikuta kwa wingi, na ndiyo wanaoanza wengi hununua, kwa sababu ni rahisi na hukunjika mpaka ikaingia mkobani. Nami nilianza nayo. Niliinunua kwenye duka moja la mjini kwa shilingi elfu thelathini na tano, pamoja na rili, mshipi na kikopo cha ndoana, na kwa majuma mawili ya kwanza niliona nimepata bahati.

Siku ya tatu ya matumizi, mtoni Rau, niliiweka chini kwenye mchanga ili nifungue chambo kilichokwama kwenye mzizi. Mchanga mweusi wa huko, ule laini unaotokana na mawe ya volkano, uliingia kwenye viungo. Nilipoiinua na kurusha, kipande cha nne kilizama ndani ya cha tano na hakikutoka tena. Nikakizungusha, kikakwaruzika, nikakimwagia maji, mchanga ukaingia zaidi. Nilipokivuta kwa nguvu, pete iliyokuwa kwenye kiungo hicho, ambayo ilishikiliwa kwa gundi tu bila uzi wa kuzungushiwa, ilibaki mkononi mwangu. Nilirudi nyumbani na fimbo ya urefu wa mita moja na samaki hata mmoja sikuwa naye. Nilipoirudisha, muuzaji aliniambia kwamba fimbo ya namna hiyo haitakiwi kuwekwa chini. Mvuvi wa kijitoni huiweka fimbo chini mara ishirini kwa siku.

Kasoro ya pili ni mpindo. Kila kiungo ni mahali pagumu, na fimbo ya antena ina viungo vitano au sita, pete zikiwa chache na zikiwekwa mahali viungo vilipo badala ya mahali mshipi unapozihitaji. Gramu mbili haziwezi kuipindisha. Zipo za Kijapani zilizotengenezwa kwa uangalifu, na nimeshika moja iliyokuwa nzuri, lakini bei yake ilitosha kununua mbili za nafasi ya kwanza. Kama mfuko wako hauruhusu zaidi ya antena ya bei rahisi, nunua mwanzi.

Kuikagua kabla ya kulipa

Fimbo nyingi zinazouzwa huku zimesafiri mbali, kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwenye buti la basi, na nyingine ni za mitumba kama zile ninazozikuta mara moja moja kwenye soko la Memorial mjini Moshi. Za mitumba zisidharauliwe. Fimbo yangu ya mchanganyiko ninayoitumia sasa ni ya mtumba; niliipata kwa shilingi elfu ishirini na tano kwa sababu rili yake ilikuwa imekufa. Lakini zinahitaji macho.

Chukua kipande kidogo cha pamba, ukipitishe na kukizungusha ndani ya kila pete. Pete yenye ufa ambao jicho halioni itashika nyuzi za pamba, na ufa huo ndio utakaousugua mshipi wako mwembamba mpaka ukatike siku ya samaki mzuri. Pete ya nchani iangaliwe mara mbili, kwa maana ndiyo inayogongwa zaidi. Hesabu pete: fimbo ya futi tano na nusu isipungukiwe na pete sita, ikiwamo ya nchani, la sivyo mshipi utakuwa unagusa mwili wa fimbo inapopinda. Iunganishe, uitazame kutoka kwenye kitako kana kwamba unalenga, na pete zote zikae kwenye mstari mmoja. Itikise, kiungo kikigonga, kimelegea. Kwa kiungo kilicholegea kidogo tu dawa yake ni mshumaa: sugua nta nyembamba kwenye kipande kinachoingia ndani, nayo itakikaza na pia itakizuia kung'ang'ania. Kilicholegea sana hakina dawa. Mwisho pitisha ukucha polepole juu ya mwili mzima wa fimbo, na popote ukucha unapokwama, simama uangalie kwenye mwanga.

Mpini wa kijito uwe mfupi, usiozidi shubiri moja nyuma ya rili, ili usinase kwenye koti unapoinama. Gome la koki hushikika vizuri likiwa na maji na lina joto asubuhi. Sponji ngumu nyeusi hudumu zaidi na haimeguki. Mimi huchagua koki, na nakubali kwamba hilo ni suala la mapenzi.

Rili na mshipi wa kuambatana nayo

Fimbo nyepesi ikifungwa rili nzito inakuwa nzito, na kosa hili nimeliona kwa watu waliokwisha kununua fimbo sahihi. Tafuta rili ya saizi 500 au 1000, yenye uzito usiozidi gramu 220. Ifunge, kisha uiweke fimbo juu ya kidole kimoja mbele kidogo ya rili. Ikilala sawa bila kuinamia upande wowote, kifundo cha mkono wako hakitauma jioni. Breki ya rili iwe inaachia mshipi bila kushtuka-shtuka, kwani kwa mshipi wa kilo 1.8 mshtuko mmoja unatosha kukata. Ivute kwa mkono pale dukani, polepole na kisha haraka, usikilize.

Mshipi uwe wa nailoni wa milimita 0.16 hadi 0.20. Nailoni hunyumbulika kidogo, na kunyumbulika huko humsamehe mvuvi anayevuta kwa pupa samaki akiwa mita tatu tu kutoka kwake. Ule wa kusukwa hauna kunyumbuka, tena hujikata kwenye mawe makali ya volkano. Badilisha mshipi kila baada ya masika. Maji ya rangi ya udongo ya Machi hadi Mei hayavuliki hata hivyo, na huo ndio wakati mzuri wa kununua na kukarabati, kwa kuwa kuanzia Juni mito inaanza kuwa safi na kila mtu anataka fimbo yake.

Kwa kusafirishia, nunua bomba la plastiki la maji la inchi moja na nusu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Fundi atakukatia sentimita 90 kwa fimbo ya vipande viwili au sentimita 50 kwa ya vipande vinne, upande mmoja agandishe kifuniko kwa gundi na mwingine aache cha kufungua. Toboa matundu mawili madogo upande wa chini ili unyevu utoke, uviringe fimbo kwenye kipande cha kanga kuukuu, na ufunge bomba kwa mpira pembeni mwa kiti cha bodaboda, si mgongoni, kwa sababu majani ya migomba ya Kibosho yako chini kuliko dereva anavyofikiri.